Kambi ya Muda ya Kidudumo

Jamhuri ya Mashauri haimo katika ramani yoyote utakayoikuta dukani, na msomaji atakayehisi kwamba amewahi kuishi humo anaombwa radhi mapema, maana atakuwa ameifananisha tu. Ni nchi tulivu. Inaongozwa na Kaimu Rais, ambaye alianza kukaimu kabla wazazi wa vijana wa leo hawajaoana, na hakuna anayekumbuka anamkaimu nani. Daraja la kuingilia mji mkuu ni la muda. Nyanya zetu walilivuka wakiwa wamebebwa mgongoni. Kodi ya dharura ni ya muda pia, ingawa dharura yenyewe ilikwisha ikasahaulika. Kwa sababu ya wingi wa mambo hayo, wizara kubwa kuliko zote nchini humo ni Wizara ya Mambo ya Muda, na jengo lake lenye nguzo za mawe ndilo jengo pekee la serikali lililoanzwa likamalizwa. Wizara ya Elimu iko kwenye mahema.

Mbali na mji mkuu huo, katika kijiji cha Kidudumo, aliishi mjane mmoja fundi cherehani aliyeitwa Sikudhani binti Mwalami. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa kuwa walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kupata mtoto, lakini yeye alikua mtu wa kudhani kila kitu. Akinunua maziwa huyanusa, kisha humpa muuzaji ayanuse huku yeye akimtazama usoni. Mteja akimsifia mshono, humuuliza amekuja kuomba nini. Cherehani yake ilikaa barazani, ikatazamana na Uwanda, yaani ule uwanja mpana wa nyasi ulio mbele ya kijiji. Hapo ndipo mbuzi walipolishwa, watoto walipocheza mpira, na njia ya kwenda kisimani ilipopita. Kwa hiyo lolote lililotokea Uwandani, Sikudhani aliliona wa kwanza, na alilishuku wa kwanza.

Asubuhi moja aliona wanaume wasiojulikana wakipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Akaacha gauni la watu nusu, akavuka kwenda kuwauliza wanafanya nini. Wa kwanza alimwambia wanapima upepo. Wa pili alimwambia hawapimi kitu, wanatembea tu. Sikudhani alirudi barazani na wasiwasi. Kama wangekuwa wamekubaliana uongo mmoja angetulia kidogo, kwani anayepatana uongo na mwenzake ana mtu anayemwogopa. Hawa hawakuona hata haja ya kupatana.

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Mzee Matimbwa, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kijiji na rafiki wa marehemu mumewe. Mzee Matimbwa alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi cha siku nyingi, na kila swali gumu lilimkuta akikohoa. Alisema hana habari ya vigingi vyovyote. Aliposema hivyo aliinamisha kichwa, na Sikudhani naye akatazama alikotazama, akaona viatu vipya vya ngozi, vyeusi, vyenye kung'aa, vya aina ambayo Kidudumo haijawahi kuvaa. Akauliza vimetoka wapi. Mzee akasema amepewa na mkwe. Akauliza mkwe yupi. Mzee akakohoa mpaka mgeni akaaga.

Haukupita muda mrefu, likaja gari jeupe lenye bendera, akashuka Bwana Ruzuna Kapalata, Afisa Mwandamizi wa Vibali vya Muda, Kanda ya Huku. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyezungumza na wanakijiji kama mtu anayelaza mtoto anayetaka kuamka. Watu waliitwa Uwandani, wakaketi juani. Yeye akasimama chini ya mwavuli ulioshikwa na dereva.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imewaletea tamasha. Wageni watalala hapa kwenye mahema kwa siku chache, watafurahi, kisha watakwenda zao. Nyasi zenu mtazikuta kama mlivyoziacha. Wataalamu wetu wanaamini kwamba huenda zikawa ndefu zaidi, kwa sababu ya furaha."

Watu wakapiga makofi. Ndipo Bwana Kapalata akaeleza, kwa upole uleule, kwamba sheria ya nchi inawapa wakazi haki ya kupinga kambi yoyote itakayowekwa karibu na nyumba zao, na kwamba haki hiyo Kidudumo ilikwisha kuipata na kuitumia. Tangazo lilibandikwa mahali wanapopita watu wengi, kama sheria inavyotaka, nalo lilibandikwa ndani ya lifti ya Wizara, mji mkuu. Waliopanda lifti hiyo walikuwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Kwa hiyo Kidudumo ilikubali kwa kauli moja.

Mtu mmoja aliuliza kauli hiyo ilikuwa ya nani. Bwana Kapalata akajibu kwamba ilikuwa kauli ya ukimya, ambayo kisheria ndiyo kauli nzito kuliko zote, kwa kuwa haina ubishi ndani yake.

Sikudhani akasimama. Alisema yeye hana shida na wageni, ila anataka kujua neno moja tu: muda maana yake nini.

Bwana Kapalata alifurahi, kama mwalimu aliyeulizwa swali analolijua. "Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Muda, mama yangu, kitu cha muda ni kile ambacho mwisho wake haujapangwa. Kikishapangiwa mwisho, kinakuwa cha kudumu mpaka ufike."

Watu wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu hawakuelewa. Sikudhani hakupiga. Alimtazama Mzee Matimbwa aliyekaa kwenye kiti cha mbele, karibu na mwavuli, akaona kwamba anapiga makofi kwa vidole tu.

Baada ya hapo yakaja malori. Sikudhani alitega jicho aone mahema yakishushwa, akaona saruji. Msimamizi wa ujenzi alimwambia kwamba hiyo ni saruji ya msingi wa mahema, kwa kuwa mahema ya kisasa hayapendi kutikisika. Yakaja matofali. Hayo yalikuwa ya hema la aina ya pekee, hema gumu, kwa ajili ya wageni wasiovumilia turubai. Kila siku Sikudhani alishona huku hema gumu likipanda mbele yake, likaota madirisha, likaota roshani, likaezekwa vigae, likachimbiwa bwawa la kuogelea ambalo katika michoro liliitwa ndoo. Kuzunguka vyote hivyo ukajengwa ua mrefu, na njia ya kisimani ikabaki ndani ya ua. Wanawake wakaanza kuzunguka kwa mbali wakiwa na ndoo kichwani. Walinzi waliwaambia wasijali, kwani ua nao ni wa muda.

Tamasha lenyewe halikuja. Kwanza liliahirishwa kwa ajili ya mvua. Mvua ilipokosekana, likaahirishwa kwa ajili ya ukame. Kisha ikasemwa wanamuziki wamekwama mpakani na ngoma zao, kwa sababu ngoma hazina hati ya kusafiria. Kambi ikakaa tupu, imefagiliwa, ina taa zinazowaka mchana. Magari machache yenye vioo vyeusi yaliingia na kutoka, na watoto waliochungulia kwenye upenyo wa ua walisema wameona watu wazima wamekaa ndani ya ndoo.

Ikaja zamu ya kelele. Sheria ilisema kambi ya muda isiwasumbue wakazi, kwa hiyo Wizara ikamleta mtaalamu na mashine yake. Mtaalamu akaiweka mashine katikati ya kambi tupu, akasikiliza, akaridhika kwamba hakuna kelele. Halafu, kwa kuwa siku ilikuwa bado ndefu na posho ni ileile, akaigeuza mashine upande wa kijiji. Huko mashine ilisikia majogoo, vinu vikitwangwa, punda mmoja, cherehani ya Sikudhani, na juu ya vyote hivyo kikohozi cha Mzee Matimbwa, kilichovunja kiwango cha kitaifa.

Mkutano ukaitwa tena. Bwana Kapalata alikuwa na huzuni usoni. Alieleza kwamba uchunguzi huru umegundua kuwa usumbufu upo, ila nyumba ndizo zinazoisumbua kambi. Mzee Matimbwa alisomewa onyo mbele ya watu wake kwamba asikohoe kuanzia magharibi hadi alfajiri bila idhini. Mzee alijaribu kujibu, akashindwa kwa kukohoa, na mtaalamu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Tusilaumiane," alisema Bwana Kapalata. "Tutazame karatasi tu. Kambi ina kibali cha mwaka huu. Nyumba zenu zina kibali cha lini?"

Nyumba za Kidudumo zilijengwa na mababu, na mababu hawakumwomba mtu.

"Sisi tulikuwepo hapa kabla ya Wizara," alisema Sikudhani.

"Hilo ndilo kosa lenyewe, mama yangu," alisema Bwana Kapalata kwa upole. "Mlijenga bila kusubiri."

Ikaamriwa kwamba baada ya mavuno kijiji kisogee mpaka umbali wa heshima, maana yake umbali ambao moshi wake hauonekani wala sauti yake haisikiki kutoka kwenye hema gumu. Umbali huo uliangukia ng'ambo ya vilima vya chumvi, mahali ambapo hata mbuzi wakipotelea huko hurudi wenyewe.

Baada ya mkutano huo Kidudumo ilibadilika. Watu waliokuwa wakiombana moto na chumvi walianza kufunga milango mapema. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kuna aliyeuza kijiji, na hakika kwamba si yeye. Aliyepata mgeni alishukiwa, na aliyekosa mgeni alishukiwa kwamba anakutana naye kwingine. Mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanamkasi, shoga yake Sikudhani tangu utotoni, alipita barazani siku moja na kitenge kipya, na Sikudhani akajikuta anakigusa pindo si kwa kukipenda, bali kwa kukipeleleza. Mwanamkasi aliliona hilo. Aliondoa kitenge chake mkononi mwa mwenzake taratibu, akaenda zake.

Hilo lilimuuma Sikudhani, na kwa uchungu huo akavuka kwa Mzee Matimbwa, akamkuta amekaa kigodani mchana kweupe amejifunika blanketi.

"Wewe ndiye uliyesema ndiyo," alimwambia. "Usinikoholee leo. Nataka jibu."

Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Sikusema ndiyo, binti Mwalami. Walikuja wakaniuliza kama kijiji kina tatizo lolote. Nikasema hatuna. Sasa mtu wa serikali akikuuliza kama una tatizo, wewe utamjibuje?"

"Na viatu?"

"Viatu nilipewa kabla ya kuulizwa."

Sikudhani alisimama pale asijue kama jibu hilo linamsafisha mzee au linamchafua zaidi. Alitafuta usoni mwake dalili ya uongo kama alivyozoea kuitafuta kwa wauza maziwa. Aliona uzee na aibu, na aibu ni kitu ambacho mwongo anacho na mkweli anacho. Aliondoka bila kuaga. Hadi leo hajui.

Wiki za mavuno zilipokaribia, Sikudhani alikuwa akishona sare za walinzi wa kambi, kazi ambayo aliichukua ili apate kuwapima na kuwauliza maswali kwa pamoja. Mkono ulikuwa kwenye kitambaa, mawazo yakiwa kwenye maisha yake yote chini ya serikali hiyo. Akawaza daraja la muda. Akawaza kodi ya muda, na Kaimu Rais mwenyewe. Akawaza shule aliyosoma, iliyojengwa iwe ya kudumu, ambayo ilibomolewa zamani ikawa kokoto za barabara. Katika nchi ya Mashauri kila kilichojengwa kidumu kilikuwa kimeondoka, na kila kilichowekwa kwa muda kilikuwa bado kipo. Akasimamisha cherehani.

Alirudi kwa Mzee Matimbwa, kwa kuwa muhuri wa kijiji ulikuwa kwake, wakasafiri pamoja mpaka ofisi ya kanda bila kuzungumza njia nzima. Mbele ya Bwana Kapalata, Sikudhani aliomba kibali cha Tamasha la Maisha ya Kijijini, la muda, litakalofanyika Kidudumo, katika nyumba zilezile, ambazo sasa zitaitwa mahema ya maonyesho. Mwisho wa tamasha, alisema, haujapangwa.

Alitegemea kufukuzwa. Alishangaa kumwona Bwana Kapalata akiinuka kitini na kufunga mlango. Kumbe huko mji mkuu walikuwa wameanza kumuuliza tamasha liko wapi. Walikuwa na kambi, walikuwa na hema gumu, walikuwa na ndoo, na hakuna aliyeweza kumwonyesha Kaimu Rais hata ngoma moja. Bwana Kapalata aligonga muhuri. Akaongeza kwa furaha kwamba matamasha yamesamehewa sheria ya kelele, hivyo Mzee anaweza kukohoa apendavyo.

Mzee Matimbwa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu vigingi vilipokuja. Sikudhani hakutabasamu. Alirudi nyumbani akilinusa jambo hilo kila upande, kwani lilikubaliwa upesi mno, na katika maisha yake hakuwahi kuona serikali ikikubali upesi jambo lenye faida kwake yeye.

Shubiri ilikuwa kwenye masharti. Tamasha ni lazima liwe tamasha. Wizara ikamteua mkaguzi, kijana mrefu aliyeitwa Zakwani, aje bila taarifa kuhakikisha kwamba maonyesho yanaendelea na washiriki wana furaha. Akiwakuta watu wanaishi tu, kibali kinafutwa hapohapo na vilima vya chumvi vinawangoja.

Kidudumo ikajifunza. Anayetwanga alitwanga akitabasamu, na hilo likaitwa onyesho la kutwanga. Watoto wakipigana, ni mieleka ya asili. Mume na mke waliogombana waligombana wakitazama upande wa wageni, ili wasiwape mgongo. Wageni walikuwepo sasa: wakubwa kutoka mji mkuu na familia zao, waliokuja mwisho wa juma kukaa kwenye roshani ya hema gumu, wakinywa vinywaji baridi na kutazama juu ya ua. Njia ya kisimani ilifunguliwa, kwa kuwa wageni walipenda kuona wanawake wamebeba maji. Kijiji hakikuhama. Mihogo ililimwa na mbuzi walizaa, na watu wengi walimshukuru Sikudhani kwa machozi.

Machozi hayo ndiyo yaliyomtia wasiwasi. Zamani alijua nani mnafiki na nani si mnafiki, au alidhani anajua. Sasa wote walicheka, kila siku, kwa sababu gari jeupe liliweza kutokea wakati wowote. Mwanamkasi alirudi kuja barazani, wakapiga soga kama zamani, lakini kila Mwanamkasi alipocheka, jicho la Sikudhani lilikwenda barabarani kwanza kutazama kama kuna vumbi.

Mvua zilipoanza, Mzee Matimbwa akafariki. Kifua kilimbana, akalala siku chache, akaondoka. Asubuhi ile kijiji kizima kilisahau tamasha. Watu walilia kama watu. Desturi ya Kidudumo ni kwamba wake kwa waume huzika pamoja, kwa hiyo wote walikuwa wamesimama kwenye udongo uliolowa ukingoni mwa Uwanda, jeneza likiteremshwa kaburini, waliposikia gari.

Kilio kikapungua. Watu hawakutazama gari, walimtazama Sikudhani.

Zakwani alishuka, akaja kwa miguu, viatu vikizama kwenye tope. Hakwenda kwa wazee. Alisimama karibu na Sikudhani, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "Mama, hili ni onyesho, au mmefiwa kweli?"

Sikudhani alimtazama yule kijana usoni. Sauti ile ilikuwa ya huruma. Au ilikuwa ya mtu aliyefundishwa huruma kazini, kwa sababu kwa huruma watu husema ukweli upesi. Akisema wamefiwa, basi Kidudumo ina watu wanaokufa, na anayekufa ni lazima alikuwa akiishi. Alitazama nyumba, moja moja, na moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwa marehemu, ambako chakula cha matanga kilikuwa motoni.

"Ni onyesho, mwanangu," alisema. "La mazishi."

"Anayeigiza maiti ni nani?"

"Mzee Matimbwa."

Zakwani alivua kofia yake ya Wizara, akainama, akachota udongo kwa kiganja, akautia kaburini kama walivyotia wafiwa. Sikudhani alimchunguza mpaka alipojifuta mkono kwenye suruali, na hakuweza kujua alichokuwa akikitupa mle ni heshima au ni ukaguzi.

Huko juu ya ua, kwenye roshani ya hema gumu, wageni walikuwa wamesimama ili waone vizuri. Mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

Masharti yalikuwa wazi: washiriki huwashukuru watazamaji. Sikudhani binti Mwalami akageuka kuelekea roshani, akaweka mkono kifuani, akawainamia. Halafu akarudi ukingoni mwa kaburi kumlilia mzee, asijue hata sasa kama mzee huyo alimsaliti. Alilia sana siku ile, na pembeni yake Mwanamkasi na wenzake wote, huku nao wakilia, walimtazama kwa kona ya jicho waone kama analia kweli.